Notisi ya Kaya ya Saba

To. Kimya kifupi. To. Kisha, kama mtu aliyekwisha kuamua jambo lake: to, to, to.

Hiyo ndiyo sauti iliyonishtua Jumamosi ile alasiri, nikiwa nimesimama mbele ya wanawake kumi na wawili sebuleni kwa shangazi yangu, hapa Malvern, mtaa wa wahamiaji huku kusini kabisa mwa Afrika, hatua chache kutoka Jules Street; na kwa kuwa wote kumi na wawili husimulia kisa hiki kila wanapokutana, kila mmoja akiongeza chumvi yake, naona heri nijiaibishe mwenyewe, kwa kipimo sahihi.

Niwaeleze kwanza (kupenda kueleza kwanza ndio ugonjwa wenyewe) kwamba ninasoma shahada ya uzamili katika sheria, na tasnifu yangu inahusu jambo moja tu: namna kampuni ya bima inavyopaswa kumwarifu mwenye nyumba kabla ya kuikatisha bima yake au kukataa kuihuisha. Sheria ya hapa inataka apewe notisi ya siku zisizopungua thelathini na moja, ili apate nafasi ya kurekebisha kasoro au kutafuta kampuni nyingine. Ninaweza kulizungumzia hilo mpaka chai ipoe, na imeshapoa mara nyingi.

Shangazi Mwanaidi ni mtu wa Tanga. Aliolewa na mkimbizi wa kisiasa wa huku, akamfuata aliporejea kwao. Sasa mumewe ametangulia mbele ya haki, amemwachia nyumba hii ya matofali mekundu, na zaidi ya nyumba hii hana kitu. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo alikuwa ameletewa barua na kampuni yake ya bima. Akatoka nayo jikoni, akanikabidhi.

"Msomi wangu, nisomee hii, uniambie wanataka nini."

Nilisoma nikasisimka. Ilitaja sababu (tangi la maji ya moto lililoko darini limechakaa), ilitaja siku ya mwisho, ilieleza hata cheti gani cha fundi bomba kipelekwe ili bima ihuishwe. Mfano bora kuliko yote niliyokuwa nimekusanya! Nikaamua jambo dogo tu, la nusu saa: niinakili kwa ajili ya tasnifu, kisha nimjibu shangazi. Lakini maadili ya utafiti yanadai mhusika afichwe, kwa hiyo nikafunika jina kwa wino mweusi, na anwani, na namba ya bima, nikaiita "Kaya ya Saba", nikaitia katika jalada pamoja na Kaya ya Kwanza hadi ya Sita. Humo jaladani, nawaapia, shangazi yangu akafutika, ikabaki kaya. Aliponiuliza barua imefikia wapi, nilimjibu kwa moyo mkunjufu, "Naishughulikia, shangazi," na sikusema uongo: nilikuwa nimekwisha kuiandikia kurasa kumi na moja.

Turudi sebuleni. Majirani nao walikuwa wakipata barua za namna hiyo, shangazi akawaalika waje wanisikilize, akapika vitumbua, mimi nikawasha projekta. Niliposikia ile "to" ya kwanza nilitafakari (bomba la jirani? saa ya ukutani?) nikahitimisha kwamba kukatiza mhadhara ni utovu wa nidhamu. Tone likaniangukia utosini. Nikasogea hatua moja kushoto, nikaendelea na kifungu kinachofuata.

"Profesa," akaita Mama Furaha, mshonaji kutoka Bukavu, ambaye hana desturi ya kunyoosha mkono, "ile maji inakufuata, ao weye ndiye unaifuata?"

Wakacheka. Shangazi akaleta beseni. Nami, badala ya kunyamaza, nikaona fursa.

"Tazameni Kaya ya Saba!" nikasema, nikiirusha barua ukutani, kubwa kama shuka. "Huyu ameonywa mapema. Akipuuza, bima ikaisha, tangi likapasuka, hasara ni yake. Sheria haimlindi mzembe!"

"Eish, ni mutu gani anaweza kuacha barua kama ile?" akauliza Mama Furaha.

"Wapo," nikajibu, kwa huzuni ya kitaaluma.

Shangazi alikwenda ukutani polepole, akaweka kidole pembeni ya barua, palipokuwa na alama ya dole gumba iliyokolea.

"Haya ni mafuta ya vitumbua vyangu," alisema. "Siku ile nilikupa barua nikiwa na mikono ya jikoni."

Hakuna aliyecheka. Nilifungua kinywa nijitetee, na dari ikanitangulia: ubao mmoja ulichomoka, ukashuka pamoja na maji ya vuguvugu, vumbi la miaka na kiota kizima cha njiwa, vyote juu yangu na juu ya jalada langu. Hapo ndipo walipocheka. Mama Furaha alitoka mbio kufunga maji ya nje huku akilia kwa kicheko.

Shangazi peke yake hakucheka. "Siku ya mwisho ni lini?"

"Jumatatu."

"Leo?"

"Jumamosi. Ila, shangazi, kisheria ipo hoja kwamba kama notisi haikumfikia mhusika..."

"Ilitufikia?"

"Ilitufikia."

"Basi piga simu, mwanangu. Hoja utazikausha baadaye."

Tangu siku hiyo nimejiwekea amri: barua ikiingia nyumbani hujibiwa kwanza, uzuri wake huja baadaye. Lakini pale, kiota kikiwa begani na wanawake wote wakinitazama, nilikuwa na simu tu.

"Mlipokea notisi yetu?" akauliza dada wa huduma wa kampuni ya bima.

"Tuliipokea. Niliikalia mimi."

Nikasikia akibofya kompyuta; nadhani hakuzoea jibu hilo. "Basi bima ingali hai mpaka Jumatatu usiku. Fundi wetu anakuja leo. Akibadilisha tangi, cheti atakiandika yeye. Nipe jina la mwenye nyumba."

"Kaya ya..." nikaanza.

Shangazi akanikata jicho.

"Mwanaidi," nikasema, nikalitaja herufi kwa herufi. "Ni shangazi yangu. Yuko hapa, ameshika beseni."