Mwaka wa Bunduki ya Mjomba

Fomu ilikuwa na visanduku kumi na vinne, na mjomba alikuwa ameshajaza kumi na vitatu. Kilichobaki wazi kilikuwa cha tisa: mwaka wa kutengenezwa silaha. Ofisini walimwambia arudi kabla ya mwisho wa mwezi na fomu pamoja na bunduki yenyewe. Kisanduku kikijazwa, na mwaka ukilingana na alama za chuma, bunduki itakaguliwa na atarudi nayo siku hiyo hiyo. Kikiwa wazi, itabaki kwao mpaka jibu lipatikane.

"Ikilala huko safari hii, siioni tena," aliniambia kwa simu. "Ilishakaa serikalini miaka na miaka, mie kijana. Nikarudishiwa kwa sababu ya kima tu. Sasa hivi nna umri gani wa kusubiri?"

Mjomba ni kaka wa mama yangu, kwa mama mmoja na baba mbalimbali. Ana shamba la mihogo na ndizi nje kidogo ya Chwaka, na kima humshukia kutoka msituni. Bunduki yake ni ya marisau, mitutu miwili ubavu kwa ubavu. Lakini kima wangefukuzwa hata kwa debe. Bunduki ile ndicho kitu pekee alichonacho cha babake, aliyekufa yeye akiwa na miaka minne. Hana picha wala kofia yake. Uso wake haukumbuki.

Alinipigia mimi kwa sababu natengeneza vyerehani, kwenye kichumba kimoja karibu na Darajani. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na baadaye kwa kusoma kila nilichokipata. Kila cherehani cha zamani kina namba, na namba ukiijulia inakwambia mwaka. Katika ukoo wetu, yeyote mwenye kitu chenye namba huniletea mimi.

Nilifika Chwaka Jumamosi asubuhi na bisibisi, lenzi, tochi, chaki, penseli laini na daftari. Mjomba alinikalisha barazani, mbele ya mlango wake mkubwa wa nakshi, mlango wa mjini kwenye nyumba ya shamba. Babu yangu aliutengeneza mjomba alipooa.

Jibu, kwa maoni yake, lilikuwa wazi. Ubavuni mwa kitako cha bunduki kimezamishwa kibati cha shaba, kikubwa kama stempu ya barua, chenye tarakimu nne za Kiarabu. Ni mwaka wa hijria. Nilifanya hesabu kwenye daftari kuupeleka kwenye miladi, nikapata mwaka aliozaliwa mjomba.

"Si nilikwambia?" alisema. "Mzee aliileta niko tumboni. Siku ya akika yangu akapiga mbili hewani, ng'ombe wa jirani akakata kamba, wakamkamata kesho yake."

"Wewe uliona?"

"We mtoto, nilikuwa na siku saba. Nitaonaje?"

Nilishika kalamu niandike, nikaiweka chini. Katika kazi yangu nimeona vibati vingi. Mwenye duka hubandika chake, fundi hubandika chake, bibi harusi huandikiwa jina lake na mumewe. Kibati kinakwambia habari za mwenye mashine. Habari za mashine yenyewe ziko kwenye chuma. Nikapitisha kidole kwenye kitako. Karibu na ukingo vanishi ilikuwa imechubuka, na mbao ndani yake ilikuwa ya manjano, manjano ya bizari. Nikatazama kwa lenzi. Ilikuwa mbao ya mfenesi.

Ulaya, zilikotengenezwa bunduki za namna ile, hakuna mifenesi.

Niliomba ruhusa kuifungua, nikahakikisha mara mbili kuwa haina risasi, nikaitenganisha mitutu na kitako. Chini ya mitutu, mahali panapofichwa na mbao, kulikuwa na mihuri midogo iliyolika. Nikaisugua chaki, nikaweka karatasi nyembamba juu yake, nikapitisha penseli kwa ubavu hadi alama zikajitokeza moja moja.

"Ushaanza kuiandikia kombe?" mjomba aliuliza. "Bunduki haiumwi."

"Nataka niwe na hakika."

"Hakika si hiyo imeandikwa?"

Jumatatu nilifunga mlango wa kichumba changu mapema na kukaa na karatasi ile. Nchi nyingi za Ulaya zina sheria ya zamani kwamba kila mtutu ujaribiwe kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Usipopasuka, hupigwa mihuri: mmoja wa chumba cha majaribio, mwengine wa urefu wa risasi inayoingia, na katika baadhi ya nchi herufi moja ya mwaka. Majedwali ya herufi hizo yapo mtandaoni kwa anayejua kutafuta. Nilitafuta kwanza nchi, kisha herufi. Nikalinganisha na muhuri wa urefu wa risasi, ambao nao ulibadilika kipindi fulani. Vyote viwili vilikubaliana.

Bunduki ilitengenezwa mjomba akiwa na miaka tisa. Babake alikuwa na miaka mitano kaburini.

Niliangalia tena, na mara ya tatu. Nilijiambia kwamba natumai nimekosea, kisha nikagundua kwamba situmai hivyo hata kidogo, na hapo ndipo utulivu uliponitoka. Mjomba alipokuwa na miaka tisa, mwanamume aliyeishi nyumba ile alikuwa babu yangu, babake mama, fundi wa milango, aliyemuoa bibi baada ya eda yake kwisha na mwaka mwengine juu yake. Mjomba hakuwahi kumwita baba. Alimwita "mume wa mama," mbele yake na nyuma yake, na siku ya maziko yake alisema hivyo hivyo kwa waliokuja kumpa pole. Kwa hiyo mimi nilikuwa na sababu ya kulipenda jibu nililolipata, na jibu unalolipenda lazima ulitilie shaka kuliko mengine.

Siku mbili nilifanya kazi vibaya. Nilimwekea mteja sindano nyuma mbele, kosa ambalo sijalifanya kwa miaka ishirini. Nikawa natoka bila safari, kutoka Mkunazini hadi Kiponda na kurudi, natazama miimo ya milango, natafuta mkono wa babu pale mbao inapokutana na ukuta. Muuza duka mmoja akaniuliza, "Umepoteza nini, bwana?"

Jumatano nilikwenda Amani kwa mama. Alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Mama, bunduki ya mjomba ilitoka wapi?"

"Kwa babake."

"Ilipotengenezwa, babake alikuwa ameshakufa."

Mkono ukasimama juu ya ungo. "Nani kasema?"

"Chuma chenyewe."

"Chuma chako kingekaa kimya." Alichambua tena kidogo, kisha akauweka ungo pembeni. "Ile ya babake ililiwa na kutu darini. Mama alipoiteremsha, mtutu ulikuwa na matundu. Na mtoto alishaambiwa atapewa akiweza kuiweka begani, kila siku anajipima na ufagio. Baba akatafuta nyengine kwa watu. Akatupa mbao yake, akaichongea mpya, akahamishia kile kibati. Akasema, mtoto ashike cha babake."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mie mwenyewe niliambiwa na mama, mtu mzima nna watoto. Baba alimuapisha. Alisema, akijua imetoka kwangu ataitupa kisimani. Na angeitupa. Unamjua mjomba wako."

"Niandike nini?"

"Andika mwaka wa kibati, yaishe."

"Pale ofisini wataitazama mihuri kama nilivyoitazama mimi. Wakiona mwaka haulingani, wanaibakisha."

Aliuvuta tena ungo. "Basi andika wa kweli, lakini asiusome."

"Lazima atie saini."

"Msomee haraka haraka," alisema mama, na nilipocheka hakucheka.

Nilirudi Chwaka siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Mjomba alikuwa ameshaisafisha bunduki, imefungwa kanga kuukuu, tayari kwa safari ya ofisini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunisogezea mkeka. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilipokaa, nilisema yale tu niliyokuwa na ushahidi nayo.

"Mjomba, mwaka wa kibati si mwaka wa bunduki. Kibati kina umri zaidi kuliko chuma. Na kitako ni mfenesi."

"Mfenesi wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Nionyeshe."

Mwisho wa kitako, panapokaa begani, pana bamba la chuma lenye parafujo mbili. Nilizilegeza. Nilitaka aone rangi ya mbao isiyopakwa vanishi, basi. Sikutarajia kingine. Bamba lilipotoka, mbao ilikuwa ya manjano kweli, na katikati yake palikuwa na mikato ya patasi: mitatu iliyosimama na mmoja wa mshazari uliopita juu yake.

Milango ya mjini huchongwa karakanani vipande vipande na kuunganishwa nyumbani kwa mwenyewe, kwa hiyo kila fundi ana mikato yake ya kujua kipande gani ni chake na kinakwenda wapi. Huikata mahali ambapo ukuta au chuma kitaifunika. Mimi hayo niliyajua kwa kusoma. Mjomba hakuihitaji lenzi yangu. Aliinuka, akaenda mlangoni kwake, akanyoosha mkono juu ya mwimo wa kulia, pale plasta ilipodondoka mvua za mwaka jana. Nilimfuata. Mikato mitatu, na mmoja wa mshazari.

"Alikuwa akiniweka nimshikie ubao," alisema, mkono ukiwa bado juu. "Nikimshikia vibaya makusudi, uteleze. Naye anasema, polepole, bwana mdogo. Basi. Hakuwahi kunipiga."

Alirudi kukaa. Alikichukua kitako akakiweka mapajani.

"Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, kama anayeweza kupata jibu jengine. "Kwa hivyo kwenye akika yangu hii haikuwepo."

"Ilikuwepo yenye kibati. Kibati ni cha babako. Hicho hakina shaka."

Alikisugua kile kibati kwa kidole gumba. Huko shambani kima walikuwa wameanza kupiga kelele, na kwa kawaida angeinuka kuwatukana. Hakuinuka. Mimi nilikuwa siwezi kukaa. Nilipanga bisibisi kwa ukubwa, nikazipanga tena.

"Mamako anajua?"

"Anajua."

"Na bibi yako alijua." Hakuwa akiuliza. "Haya, andika."

Niliandika mwaka kwenye kisanduku cha tisa, kwa wino, tarakimu zikiwa wazi. Akaichukua fomu akaisoma yote tangu mwanzo, kidole kikifuata kila mstari, wala sikumharakisha. Kwenye kisanduku cha kumi na moja kidole kikasimama. Kiliuliza silaha imepatikana vipi, na yeye mwenyewe, wiki kadhaa nyuma, alikuwa ameandika: Urithi kutoka kwa baba.

Nilifungua kalamu tena. "Hapa tubadilishe?"

"Tubadilishe nini?"

"Hapo kwa baba."

"Kwani wamekuuliza ni yupi?"

"Hapana."

"Basi paache palivyo."

Akatia saini. Nililirudisha bamba mahali pake na kuanza kuingiza parafujo. Ya pili ilikuwa inagoma, nikaitia mafuta, nikaongeza nguvu mkononi. Mjomba aliniwekea mkono juu ya bisibisi.

"Usiikaze sana," alisema. "Nikirudi nayo nitaifungua tena."