Breki Yetu Ilikuwa Tawi

Enzi zetu, kule vilimani Mbozi, mtu hakuuliza baiskeli ina gia ngapi. Aliuliza kama kengele inalia na kama keria inabeba gunia. Breki zilikuwa majaliwa. Za baiskeli ya Baba zilikufa kabla sijaanza darasa la kwanza, na kila Mama alipomkumbusha kwamba mipira ya breki imejaa tele Tunduma, Baba alijibu neno moja tu: "Ada." Tulikuwa watoto watano, na sote tulisoma.

Kwa hiyo breki yetu ilikuwa tawi. Msimu wa kahawa, baridi ya Juni ikituuma masikio, mimi na Baba tulipanda kilima hadi shambani tukiisukuma baiskeli, huku tukitafuna viazi vya kuchoma vilivyotuunguza vidole. Jioni alifunga gunia la kahawa mbichi kwenye keria, kisha akaniambia, "Tafuta tawi, mama. Lenye majani mengi." Nilikata tawi la mkaratusi, yeye akalifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, likawa linaburuzwa na kutupunguzia mwendo hadi kwenye mashine ya kahawa kule bondeni. Mimi nilikaa mbele yake, juu ya mtalimbo wa baiskeli, makalio yakiniuma, nikinusa jasho lake lililochanganyika na harufu ya kahawa. Sijawahi kukalia kiti nikakipenda kama kile chuma.

Lakini nilitamani kasi. Jioni moja, nikiwa darasa la tano, nilichagua kwa makusudi kitawi chembamba chenye majani ya kuhesabika. Baba alikitazama, akakifunga. Tukateremka! Upepo ulinitoa machozi, kuku wakatawanyika, wanawake waliotoka kuteka maji wakarukia pembeni. Nikamsikia Baba anapiga kelele nyuma ya sikio langu. Nilidhani ni woga. Kwenye kona ya chini tukaingia mtaroni. Kahawa yote ilimwagika. Mimi nilichubuka kiwiko tu, ila goti la Baba halikupona sawasawa, na tangu siku ile alichechemea.

Nyumbani alimwambia Mama, "Tawi limekatika." Mimi hakuniuliza kitu. Nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza zaidi ya miaka ishirini, roho ikinisuta kila nilipomwona akikipanda kilima kile kwa shida.

Mwaka jana, alipokuwa anaumwa, nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia yote. Alicheka hadi akakohoa.

"Mama, mimi nimeburuza matawi tangu sijaoa. Unadhani lile sikuliona? Siku ile na mimi nilitaka kukimbia."

Wiki tatu baadaye tulimzika.

Siku hizi wanangu wakitumwa chumvi dukani wanataka hela ya bodaboda, halafu wanalalamika wamenenepa. Mimi nimejinunulia baiskeli ya milimani, gia ishirini na moja, breki ukizigusa tu imesimama. Bei yake nimemficha mume wangu. Jumamosi napanda nayo hadi shamba letu la zamani, watu wananicheka: mama mzima, anatafuta nini kilimani? Nateremka salama, na kwenye ile kona nashika breki vizuri kabisa.

Ningezitoa gia zote, na breki zote mbili, nikae tena juu ya ule mtalimbo, nimsikie Baba akipiga kelele nyuma ya sikio langu, sasa nikijua kwamba anacheka.