Nkejje kwenye Tangi la Daktari

Nilikuja Kampala kutoka Kisumu vita vikiwa vimekwisha kitambo kidogo, na baada ya kuuza hiki na kile nikaishia kuuza samaki wa kutazama. Duka langu lilikuwa Ntinda, chumba kimoja chenye matangi ya kioo pande tatu, na wapita njia walikuwa wakichungulia na kucheka: mwanamke huyu Mkenya kaona samaki wasioliwa ndio wa kuuza. Nikawaacha wacheke. Kila aliyejenga nyumba alitaka tangi sebuleni, na kila aliyenunua tangi alitaka kulijaza siku hiyo hiyo kwa samaki aliowachagua kwa macho tu, huyu mwekundu, yule mrefu. Wiki ya pili anarudi kunigombeza kwamba nimemuuzia wagonjwa. Nilikuwa nikiwajibu ovyo. Mimi hasira zangu ziko karibu, na mpaka leo hazijahama.

Siku moja akaja mjane wa askari polisi kuniomba kazi ya kuosha matangi. Yeye na marehemu mumewe walikuwa watu wa kaskazini, na alikuwa bado anakaa na binti zake wawili kwenye kibanda cha bati kambini. Wakubwa walikuwa wamekwisha kumwambia ahame, kwa sababu kibanda ni cha askari na askari hayupo tena. Pa kuhamia palikuwa mahali pamoja tu, kwa wakwe zake huko kaskazini, na miaka ile kaskazini waasi walikuwa wakiwabeba watoto na kuingia nao porini. Binti yake mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Sikuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Nikamfundisha kazi yote, si kuosha tu. Nilimwambia kwanza atazame midomo, maana samaki anayetosha kwenye mdomo wa mwenzake ni chakula, hata kama wamekaa pamoja mwezi mzima bila neno. Halafu atazame wanapopenda kukaa, achanganye wa juu, wa katikati na wa chini, wasije wakagombea mahali pamoja. Mwenye mapezi marefu asimweke na mdonoaji. Gapi, visamaki vya mikia ya kupepea, na wale wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka wanaelewana, lakini wale bapa tuliowaita malaika, wakishakua, watawameza hao wadogo mmoja mmoja na hutajua wamekwenda wapi. Alishika kila kitu. Nilimpenda yule mama, nisiseme uongo. Saa nne tulikuwa tunakaa kwenye vigoda tunakunywa chai na chapati, ananisimulia vituko vya kambini mpaka nacheka machozi.

Kisha akatokea daktari wa meno. Alikuwa Muganda wa makamo, mpole, anafungua kliniki mpya mtaa wa pili, na alitaka tangi kubwa la ukuta mzima ili wagonjwa wake wasahau woga. Nilimweleza mambo kwa muda wa saa nzima, na saa nzima hiyo alikuwa akimtazama yule mama akihamisha samaki bila kumshtua hata mmoja. Alipomaliza kuniitikia akamtaka yeye. Samaki angenunua kwangu, sawa, lakini wa kuwachagua na kuwatunza awe yule mama, kwa mshahara wa kila mwezi, na chumba nyuma ya kliniki cha kukaa yeye na watoto. Sharti lilikuwa moja: kwa wiki sita, hadi siku ya ufunguzi, tangi liwe zima na la kupendeza. Yule mama alikuja kunishika mikono, analia kwa furaha. Nikampa hongera, na moyoni nikawaka moto. Mimi niliyemfundisha hata kushika wavu, leo napitwa dukani kwangu mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo daktari akasema anataka na nkejje humo ndani. Nkejje ni visamaki vya ziwani, na Kampala nzima inawajua, ila inawajua wakiwa wamekufa. Wanauzwa sokoni wamekaushwa na kuchomekwa kwenye vijiti, wadogo, rangi ya majivu. Mtoto akishikwa na surua anasagiwa nkejje kwenye uji, na wakizaliwa mapacha hawakosekani kwenye mila zao. Nani atamwogopa samaki wa kumlisha mgonjwa? Daktari alikuwa amekuzwa kwa nkejje, na akaona aibu kuwa na ukuta mzima wa samaki bila hata mmoja wa kwao. Mvuvi mmoja wa Port Bell akaleta saba ndani ya jerikeni, wachanga bado, na kweli walikuwa na rangi ya majivu.

Mimi nilikuwa namjua nkejje akiwa hai. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kuweka madume mawili na gapi. Dume akishapata jiwe lake na akakomaa, hugeuka buluu iliyokolea, mapezi yanaingia wekundu, na kuanzia hapo anayepita karibu anauawa. Yule mama hakuwahi kuliona hilo. Alikuja dukani asubuhi na jerikeni lake, mimi nasugua kioo.

"Dada, hii ya daktari ni ndogo, tena ni pole. Naweza weka pamoja na ile ingine?"

Sikugeuka. "Weka," nikasema.

Baada ya hapo zilikuwepo siku nyingi za kusema. Alikuwa akipita kila jioni kunieleza hali ya tangi. Wiki ya nne akaniambia mmoja ameanza kupata buluu, tena nzuri, daktari amefurahi sana. Wiki ya tano akasema gapi wawili wamechanika mikia, labda ni mashine ya hewa inawavuta. Nikamwambia aisogeze mashine. Alikuwa ameshapaka chokaa kile chumba cha nyuma, na binti mdogo alikuwa amechagua upande wake wa kulala. Nilienda kukiona, nikakisifia.

Siku ya ufunguzi nilialikwa, nikavaa vizuri, nikaketi mstari wa pili na sahani ya sambusa. Padre alibariki viti vya meno. Daktari alipovuta pazia la tangi, lililofungwa tangu jana yake jioni, watoto waliokuwa mbele walipiga kelele. Malaika mmoja, mchanga bado, alikuwa anaelea ubavu, hana macho. Gapi walikuwa vipande vipande, na wale wa mstari walijibana kwenye kona moja karibu na bomba, huku nkejje wawili, wazuri ajabu, wakisukumana katikati ya ile mizoga. Yule mama alikuwa amesimama pembeni na gauni la kuazima. Aliingiza mkono majini mpaka kwapani, akawa anaokota maiti kwa vidole, anasema samahani, samahani, kwa kila mtu. Daktari, yule mpole, alimwambia mbele ya wageni wote kwamba hajui kazi na aondoke. Mimi nilimaliza sambusa yangu.

Kesho yake daktari akaja kunitaka nimtengenezee. Niliwatoa nkejje, nikawatupa kwenye majani, nikaweka samaki wanaoelewana, na kazi ikawa yangu. Chumba cha nyuma nilikijaza changarawe na beseni. Kazi ile niliifanya miaka tisa.

Yule mama alikuja kuniaga Jumatatu iliyofuata ufunguzi, lori la kwenda kaskazini limesimama barabarani, binti zake wamekaa juu ya magodoro. Alikuwa ameniletea kopo la ufuta wa kusaga. Aliliweka mezani.

"Kuna kitu iko ndani ya roho yangu," akasema, "lakini wewe usijibu. Kama ulijua juu ya ile nkejje, mimi sitaki sikia. Huko naenda, sina mtu. Nataka nikumbuke Kampala nilikuwa na rafiki moja."

Wiki sita neno moja lingemwokoa, na sikulitoa. Sasa alikuwa anataka kimya tu, kitu nilichokuwa nacho tele. Lakini nilikuwa nimechoka kulala na jambo lile, nilitaka kulitua, na sikujali namtwisha nani.

"Nilijua," nikamwambia.

Alijifunga leso yake upya, polepole, akatoka, akapanda lori. Binti mkubwa alinipungia mkono, maana yeye hakuwa amesikia, na mimi nikampungia.