Mukeka Juu ya Maharagi ya Mama

Ile diski ya Riziki ikianza kuzunguka inalia tik-tik-tik, kama kucha za kuku juu ya bati, kisha inanyamaza, kisha inaanza tena. Kila nikiisikia, pumzi yangu inakuwa fupi. Yeye anafikiri ni uzee. Muache afikiri hivyo. Ninyi nitawaambia.

Riziki ni mujukuu wangu, mimi ni koko yake, bibi yake. Anakaa hapa Kasongo, nyuma ya soko, na kazi yake ni kupiga picha za arusi, za ubatizo na za maziko. Nilikuja kumutembelea, mvua ikaharibu njia ya Kabambare, motari, watu wa pikipiki, wakakataa kupita, basi niko hapa na magoti yangu. Ninashinda mu chumba chake cha kazi kwa sababu ndicho chenye kiti cha kuegemea. Mimi si mutu wa ordinatere, hiyo kompyuta. Shule niliacha ningali mudogo. Lakini mutu akikaa mahali pamoja mvua yote, ataona tu.

Mashine yake ni kuukuu, na ndani mwake anatumia Unix, anasema hiyo haishiki virusi ovyo. Ilikuwa imeshiba picha mpaka ikawa inakokota. Akanunua diski ya pili, na kablo yake, ule waya wa kuiunganisha. Mimi nilifikiri ni kuchomeka na kumaliza, kama vile unavyoongeza gunia pembeni. Hapana. Taa iliwaka, diski ikalia, na mashine ikafanya kama haijaona mugeni mulangoni. Riziki akanieleza kwamba mu Unix vitu vyote vinakaa kwenye muti mumoja wenye matawi. Diski mupya, hata ukiisha kuipanga ndani, haina kwake mpaka uipatie tawi la kukaa. Hiyo ndiyo wanaita kumonte. Kisha unaandika jina la diski na la tawi lake, ili mashine ikizimwa na kuwashwa isimusahau mugeni.

Basi akaipatia tawi. Akachagua lile alilozoea, lenye picha zote za zamani, akidhani mupya na wa zamani watakaa pamoja. Alipofungua, hamukuwa na kitu. Arusi zote zimeenda, ubatizo umeenda, na maziko ya mama yake, ambaye ni binti yangu, yameenda. Riziki akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikamwambia aite fundi. Alikaa, akaangalia kile kioo, kisha akasema polepole:

"Koko, hazikupotea. Ziko chini."

"Chini ya nini?"

"Ya diski. Nimeiweka juu ya zile picha. Unix haikufuta, imefunika tu."

Hakuchomoa kablo kwa nguvu, maana anasema hiyo inaharibu. Aliiandikia mashine neno la kuachilia diski, akangoja ikubali. Picha zikarudi zote, mama yake akiwa mu sanduku na maua yake. Kisha akaitengenezea diski tawi lake mwenyewe, jipya, tupu. Alifurahi, akataka nifurahi naye. Mimi niliinuka nikatoka barazani.

Kwa maana mimi nimewahi kuwa chini.

Nilikuwa mutoto wa meno ya mbele kutoka. Tulikaa kijijini, upande wa Wamaza, na mama yangu alikuwa na ghala lake la mupunga, la mianzi iliyokandikwa udongo, juu ya miguu mine. Halikuwa na mulango. Unapanda ngazi, unainua paa kama kofia, unashuka ndani. Kwetu ghala la mwanamuke ni lake. Mume wake mwenyewe haingizi mukono bila kuambiwa. Ni mutoto ndiye alikuwa anashushwa kufagia, na kabla ya kunishusha mama alikuwa ananikumbusha: humu hakuna kusema, hakuna kupiga mulunzi. Mupunga una masikio. Ukisikia sauti za watu unajua njaa imekuja kuutafuta, unakwisha upesi. Basi nilikuwa ninafagia nimefunga kinywa hata vumbi likiingia puani.

Mwaka ule mama alienda kwao Kabambare kumutunza mama yake mugonjwa. Alikawia. Watu wakaanza kusema hatarudi, na baba alipochoka kupika, akaleta muke mwingine, jina lake Mwayuma. Alikuwa kijana sana, kaka zake ndio walimutoa. Katekista akamukataza baba komunyo. Baba akasema komunyo haipiki bugali.

Mimi sikumuchukia Mwayuma. Nilikuwa tu sitaki kukaa mahali anapokaa. Watu wakienda shamba, nilikuwa ninapanda ngazi, ninashuka mu ghala la mama, ninakaa kati ya ukuta na kitunga kikubwa cha maharagi yake ya mbegu. Mule ndani mulikuwa na harufu yake, moshi na mafuta ya mawese.

Siku moja nikasikia ngazi inalia. Nikajikunja nyuma ya kitunga. Kuingia mu ghala bila kutumwa ilikuwa fimbo, tena kubwa. Paa likainuka, kichwa cha Mwayuma kikaonekana, kikaangalia, kikatoka. Nikasikia baba anasema, hivyo vilivyobaki tuvitoe, tuweke mupunga wetu. Mwayuma akasema hapana. Akaomba mianzi. Wakaipanga moja moja kutoka ukuta mpaka ukuta, juu kidogo ya kichwa changu, kisha juu yake wakatandika mukeka, mupya, wenye mistari miekundu. Mwangaza ukaisha. Mistari ile ndiyo kitu cha mwisho niliona.

Kisha mupunga ukaanza kumwagwa. Kitunga kimoja, kingine, kingine. Mianzi ikapinda. Vumbi likashuka machoni na mu koo, na kila kitunga kilikula hewa kidogo. Mutaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Woga wa fimbo uliisha na kitunga cha pili, hiyo nakumbuka vizuri. Lakini mama alikuwa amesema humu hakuna kusema. Nikaona, nikisema, hata maharagi yake yatakwisha, na akirudi akakuta ghala tupu atajua ni mimi. Kwa hiyo nilifunga kinywa na nikaanza kukwaruza mianzi kwa kucha. Ninakwaruza, ninangoja. Ninakwaruza, ninangoja.

Nilimusikia baba anacheka, anasema panya wa nyumba hii wanajua siku ya mavuno, tutafute paka. Akamwaga tena. Nikakwaruza, sasa polepole, maana mikono ilikuwa inalegea.

"Simama," Mwayuma akasema.

"Ni panya."

"Panya hakwaruzi kisha angoje jibu."

Hakumungojea baba. Aliruka ndani kwa miguu yake, akasukuma mupunga pembeni kwa mikono, akakunja pembe ya mukeka, akang'oa mwanzi. Mukono wake ukanishika nywele kwanza, kisha bega. Waliponifikisha chini baba akaniuliza kwa nini sikuita. Nikamwambia mama alikataza kusema mu ghala. Baba akakaa chini. Mwayuma hakucheka. Alinipangusa macho na kanga yake, akamwambia baba:

"Mutoto ameshika neno la mama yake. Usimupige."

Kwa muda murefu niliamini kwamba mukeka ule ulitandikwa ili mama yangu afunikwe na asahauliwe. Mama alirudi, njia ilipokauka. Siku ile ile, bila kuambiwa na mutu, Mwayuma alipanda, akatoa mupunga wake wote, akakunja mukeka, akatoa mianzi. Mama alipoingiza mukono alikuta maharagi yake vile alivyoyaacha. Mupunga wa Mwayuma ulikaa mu magunia jikoni, na yeye akalala humo jikoni pamoja nao.

Niliolewa mimi pia, nikapewa nyumba ambamo mwanamuke mwingine alikuwa ametoka, na hapo ndipo akili ilinifungukia. Mwanamuke anayetaka kumumaliza mwenzake anafagia ghala. Hatandiki mukeka. Na mukeka wenye mistari miekundu si wa ghala. Ni wa kulalia, ule ambao bibi arusi anakuja nao kutoka kwao. Mwayuma alikuwa ameutoa kitandani, na tangu siku ile alilala juu ya majani makavu ya migomba. Sisi watoto tulifikiri kwao hawana mikeka.

Alijua, tangu siku ya kwanza, kwamba yuko mahali pa mutu mwingine, na kwamba mwenye mahali akirudi yeye ndiye ataondolewa. Kwa kaka zake hakuwa na kurudi, walikuwa wamekula mali yake ya arusi. Siku ile mimi na yeye tulikuwa wawili tuliofungiwa mule, na yeye alinitoa. Yeye hakuna aliyemusikia, kwa sababu hakukwaruza.