Mama, Mkwe na Nguchiro

Mama alipokuja kuishi kwangu ziwani alileta jembe, rozari, ndoo ya mbegu za maharage na sharti moja. Sharti lenyewe: asibembelezwe. Angekaa mpaka maharage hayo yavunwe, halafu aseme mwenyewe kama anabaki au anarudi Umatengo, na sisi watoto tufunge midomo.

Tulikubali shingo upande. Alikuwa ameteleza akitoka kisimani, akaumia mguu, akalala njiani na ndoo yake mpaka majirani walipopita. Nyumba yake iko upande wa Ruanda, Ruanda yetu ya Mbinga, kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo ukitoka mlangoni bila kuangalia unaweza kujikuta uani kwa jirani wa chini. Baba alishafariki. Kaka yangu yuko Songea na kazi yake haimpi nafasi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na nyumba yangu iko ufukweni, si mbali na Mbamba Bay. Nilitaka Mama abaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na kwa mtu mwenye ulimi kama wangu, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kushona suti ya bwana harusi mnene.

Ziwa halikumpendeza. Joto lilimchosha, mbu walimjua mapema, na ugali wa muhogo aliuita gundi. Aliula kwa heshima, akishushia na mchuzi wa usipa, dagaa wa ziwa letu, macho yake yakiwa juu kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba. Watu wa huku mteremko kama ule wanauona kama mahali pa kufungia mbuzi. Mama aliuona shamba.

Kwetu tunalima kwa ngolo. Mvua zinapokaribia kuisha, mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza mistari inayokatana, mlima mzima unakuwa kama mkeka wenye matundu. Kisha mwanamke anachimba udongo katikati ya kila tundu na kuzifunika zile nyasi, zinaozea chini ya tuta, na shimo linabaki katikati kupokea maji ya mvua. Maharage yanapandwa juu ya tuta. Ni kazi ya wawili, na kila mmoja ana sehemu yake. Mama hakuwa tena na mwanamume wa kufyeka.

Alikuwa na mkwe, yaani mume wangu, na hapo ndipo palipokuwa na mgogoro. Mama yangu na mume wangu wanaheshimiana kwa desturi ya zamani. Hawaangaliani usoni, hawakai ukumbi mmoja, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Siku hizi wengi wamelegeza, na mama mkwe anapigwa picha na mkwe wake wakiwa wamekumbatiana. Hawa wawili hapana. Waliishi kwenye uwanja mmoja kama mchana na usiku, salamu zikipitia kwangu.

Mume wangu ni mvuvi wa usipa. Wiki za mbalamwezi taa za karabai hazivuti samaki, kwa hiyo wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Jumapili moja ya mbalamwezi, Mama alipokwenda misa ya kwanza, mume wangu alichukua panga akapanda mteremkoni. Mama aliporudi, nyasi zote zilikuwa chini. Nilifurahi sana. Kisha nikatazama vizuri.

Alikuwa amezipanga kwa mafungu. Mafungu makubwa ya duara, yaliyonyooka safu kwa safu, kama watu wa huku wanavyopanga samaki wa kuuza. Hakuwahi kuona ngolo ikilazwa. Kwa akili yake ya ziwani alikuwa amefanya kazi safi, na kwa kweli ilikuwa safi, ila haikuwa na maana yoyote.

Mama alisimama pale na kitenge chake cha misa, akatazama mlima kwa muda mrefu.

"Mwambie baba asante sana," aliniambia. Baba ndivyo anavyomwita mkwe wake.

"Mama, lakini hazilazwi hivyo."

"Nimesema mwambie asante."

"Basi nimwambie azipange upya."

"Ukimwambia, atajua maneno ni yangu. Mkwe hakosolewi."

"Basi tuzipange sisi."

"Tukizigusa, tumemwambia."

Kwa hiyo nyasi zikabaki. Mume wangu kila asubuhi akitoka ziwani anatazama mteremkoni, anaona mafungu yake hayajaguswa, ananiuliza kwa sauti ya chini kama Mama anaumwa. Mama kila jioni ananiuliza kama baba amepumzika vizuri. Nami katikati, nimebana meno, nashona magauni ya watu kwa hasira mpaka nyuzi zinakatika. Mbegu za maharage zilikaa kwenye ndoo na msimu ulikuwa unapita. Nilijua kabisa kwamba Mama asipolima hatabaki, kwa sababu hajawahi kukaa mahali ambapo hakulima.

Panya ndio walioyapata mafungu yale kwanza. Nyasi kavu, joto, na chini kidogo tu kuna jiko la mama mkwe wangu, mama wa mume wangu, lenye vikapu vya makopa ya muhogo. Walihamia kama watu waliogawiwa viwanja. Baada yao wakaja nguchiro.

Niliwaona nikiwa kwenye cherehani. Walitoka kwenye kalavati la barabara ya lami, mmoja, kisha mwingine, kisha ukoo mzima, wadogo kuliko paka, wenye mistari mgongoni, wakizungumza muda wote kwa vilio vidogovidogo kama akina mama wanaotoka bombani. Walipita kwenye shimo letu la taka, wakala vichwa vya samaki. Wakapindua kinyesi cha ng'ombe kutafuta wadudu. Wakafika kwenye mafungu ya mume wangu, na hapo wakapaona pao.

Nilimwita Mama. Alikaa chini kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke ziwani nikamwona anacheka mpaka anashika mbavu.

"Hawa nawajua," alisema. "Nilipokuwa msichana walikuwa chini kabisa bondeni, huko porini, hata hukuwaona. Tulipopanda kahawa wakapanda kidogo. Tulipojenga maghala wakapanda tena. Nimewaacha karibu na kanisa."

"Sasa wamekufuata hadi huku."

"Wanafuata watu. Watu tunamwaga vitu."

Tangu siku hiyo akawa na kazi. Asubuhi alitoka na mkeka wake, akawasubiri. Alijua yupi mama, yupi mchokozi, yupi anayesimama kwa miguu miwili kulinda wenzake huku wengine wakila. Aliniambia kwamba wana akili ya kuhama: hawangoji pori lirudi, wanaangalia mtu anaishije, wanajipenyeza palipobaki. Chini ya daraja, chini ya ghala, chini ya mtumbwi uliochakaa. Nilimsikiliza nikafikiri kwamba mwanamke huyu anawaelewa wanyama kuliko anavyotaka kujielewa yeye mwenyewe, lakini sharti ni sharti, nikakanyaga pedali.

Shida ilianza na mayai. Mama mkwe wangu ana kuku aliyekuwa akitagia chini ya mtumbwi wa zamani uliofunikwa karibu na ufukwe. Nguchiro waligundua. Nilishuhudia kwa macho yangu: mmoja alilishika yai kwa mikono, akaligeuzia jiwe mgongo, akalirusha yai kwa nyuma katikati ya miguu yake, paa, likapasuka. Akageuka akala. Nilipaswa kuwafukuza, lakini nilikuwa nimekaa chini nacheka.

Mama mkwe wangu hakucheka. Ni mwanamke mkarimu, sauti kubwa, mwimbaji wa kwaya ya Anglikana, na anachofikiria kinatoka kabla hajamaliza kukifikiria. Alisimama katikati ya uwanja.

"Mkwe mwenzangu ametuletea mifugo ya Umatengo," alisema. "Sisi tulizoea kufuga kuku. Sasa tunafuga nguchiro, na wanalala kwenye shamba lake lisilolimwa."

Ilikuwa nusu utani. Bombani utani ule ulinenepa. Jioni watoto walikuwa wanauliza kama ni kweli bibi wa mlimani alikuja na wanyama kwenye gunia.

Mama alisikia yote. Nilipoingia chumbani kwake nilikuta amekunja vitenge vyake na kuvipanga kwenye begi, rozari juu.

"Nimeleta balaa kwenye mji wa watu," alisema. "Nimempigia kaka yako. Apite kwanza kule nyumbani afungue milango, nyumba ipate hewa, kisha aje anichukue."

"Na maharage?"

"Maharage gani, mwanangu? Hakuna maharage."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo kama mtoto. Nilikuwa na hasira na mume wangu kwa kutojua, na Mama kwa kunyamaza, na mama mkwe kwa kutonyamaza, na desturi yenyewe. Nguchiro peke yao sikuwa na neno nao.

Siku iliyofuata mama mkwe wangu aliamua mafungu yachomwe. Alimwambia mwanawe, mwanawe akachukua kiberiti. Ilikuwa saa ya mchana, ziwa limetulia, upepo hakuna. Mama alikuwa barazani karibu nami, begi miguuni. Alimwona mkwe wake akipanda mteremko na kiberiti mkononi, na akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliinuka. Alivua viatu, akapanda nyuma yake, mguu ule uliokuwa umeumia ukiburuta kidogo. Alipomkaribia aligeuka akampa mgongo, akatazama ziwa.

"Baba," alisema kwa sauti ya kusikika, "nyasi hazichomwi."

Mume wangu alisimama kama aliyeitwa na kaburi. Akainamisha kichwa. Hakuwa amewahi kuambiwa neno na mama huyu moja kwa moja.

"Nyasi ndiyo mbolea," Mama aliendelea, akiliambia ziwa. "Kwetu zinalazwa. Mstari unashuka, mwingine unakatiza. Upana wa kati ni hatua ndefu ya mtu. Kazi ya kufyeka imefanywa vizuri sana. Imebaki kulaza."

Kisha mume wangu, akiangalia miguu yake, akajibu: "Nimesikia, Mama."

Akaweka kiberiti mfukoni, akavunja fungu la kwanza.

Walifanya kazi alasiri yote wakiwa wamepeana migongo. Yeye akilaza mstari, Mama akitazama kwa pembeni, akisema na hewa: "Huo umepinda." Naye anaunyoosha bila kugeuka. Kila fungu lilipovunjwa, panya walitimka kila upande, na nguchiro, ambao nilidhani wangekimbia, walikuja. Walikuja hadi karibu na miguu ya watu, wakifuata kila fungu linalofunguliwa, wakiwadaka panya mmoja baada ya mwingine na kugombana kwa kelele.

Mama mkwe wangu alikuwa amepanda kuja kuona moto. Aliona panya badala yake.

"Kumbe hao," alisema. "Hao ndio wanaomaliza makopa yangu."

"Ndio hao," nilimwambia.

Alitazama nguchiro mmoja akitafuna. "Mayai yangu bado wanadaiwa," alisema. Lakini alishuka, na aliporudi alikuwa na jembe. Alikaa upande wa Mama, akauliza udongo unachotwa wapi, akaambiwa, akakosea, akaambiwa tena. Kuhusu maharage alisema yataungua na joto, apande kunde. Walibishana hadi jua likashuka. Kuku alihamishiwa jikoni.

Walipanda vyote viwili. Maharage mengi yaliungua kweli, na mama mkwe wangu alilitaja jambo hilo kila siku kwa furaha. Kunde zilikubali. Nguchiro walihamia kwenye mawe ya juu na wakawa wanashuka asubuhi kuchakura kwenye matuta, Mama akiwagombeza kwa Kimatengo wanapofukua mbegu. Begi lilikuwa bado mlangoni mwa chumba chake, halijafunguliwa. Kaka alikuwa amechelewa kwa sababu ya kazi, na mimi sikumkumbusha, wala sikumwuliza Mama lolote.

Kaka alipiga simu wakati tunapukuchua kunde. Mama hapendi kushika simu sikioni, kwa hiyo niliweka sauti kubwa nikaiweka juu ya cherehani. Kaka aliamkia. Alisema amefika Ruanda, amefungua milango, paa ni zima, lakini jikoni kuna tatizo. Nguchiro wametoboa ukuta karibu na mafiga. Wamezaa humo.

"Wadogo wangapi?" Mama aliuliza.

"Sijahesabu, Mama. Wamejaa chini ya kuni. Nitawatoa leo, nizibe tundu, kisha nije kukuchukua."

Mama aliendelea kupukuchua. Ganda moja, la pili. Mama mkwe wangu, aliyekuwa upande wa pili wa ungo, aliacha mikono yake ikae tu.

"Usizibe," Mama alisema. "Waache wakae."

"Mama, ni jiko hilo. Ukirudi utapikia wapi?"

Alinyanyua ungo, akapuliza makapi yakaangukia kwenye gauni nililokuwa nashona.

"Nitapikia huku," alisema, na akamwuliza kaka kama ameshakula.