Siku Niliyomsemea Bibi

Ripoti ya shule ya binti yangu ililetwa wiki iliyopita hapa mjini, mtaa wa Area D, na mwalimu wake amemwelezea kwa neno moja tu la Kiingereza: "bashful". Nilijua kuwa ni mtu mwenye soni, lakini nikafungua kamusi hata hivyo. Kumbe asili yake ni Kifaransa cha kale, neno la kuachama kwa mshangao. Mtu kinywa wazi, sauti haitoki. Rafiki yangu, nilifunga kamusi nikalia.

Nililelewa na bibi kule kijijini Hombolo, kwa mlenda na ugali wa uwele, na alasiri kazi yangu ilikuwa kugonga debe kufukuza ndege kwenye zabibu. Bibi alijua Kigogo tu. Alinifundisha kupiga goti, kutomkazia macho mkubwa, kutotaja maungo ya mtu mzima. Majirani walinisifu, naye furaha ilimjaa.

Nikiwa darasa la nne aliniomba nimsindikize zahanati nikamsemee Kiswahili. Njiani alininong'oneza kwamba ana uvimbe kwenye titi, mgumu kama kokwa. Daktari alikuwa kijana wa kiume.

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, bibi anasumbuliwa na nini?"

Niliachama. Titi la bibi yangu, nilitaje mbele ya mwanamume? Nikainama, nikawa nachora sakafu kwa kidole gumba cha mguu.

"Mgongo," nikasema.

Akapewa vidonge. Bibi hakuelewa nilichosema. Alivipokea kwa mikono miwili, na kila asubuhi alivimeza kwa imani. Vilipoisha alinituma nikamwombee vingine, nami nikaenda. Msimu wa kuchuma zabibu ulipofika hakuweza kuinua mkono. Shangazi aliliona donda alipokuwa akimwogesha, na hospitali ya mjini wakasema tumechelewa. Sikumwambia mtu. Hadi msibani watu walikuwa wakisema mjukuu yule ana adabu sana.

Nyumba ile imebomoka, mizabibu imeng'olewa, na hakuna tena anayegonga debe. Nilidhani soni ile nayo imezikwa huko.

Jana nilimkalisha binti yangu karibu nami.

"Mwanangu, kuna kitu kinakuuma? Kuna mtu amekufanya kitu?"

Aliinama, akawa anachora sakafu kwa kidole gumba cha mguu.

"Hamna, mama."

Sikumwamini, na sikujua nimuulize nini tena.