Jina Lilikuwa Sahihi, Jani Sikuliona

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa kule Fort Worth, Msimamizi alinipa jani lililobandikwa kwenye karatasi, akaniuliza linaitwaje. Nikasoma kibandiko. Akakifunika kwa kiganja.

"Sijakuuliza karatasi inasemaje. Tazama jani."

Nilimwona mkorofi. Ninyi vijana mnaobonyeza simu mkapata jibu mngemwona hivyo hivyo.

Kazi yetu ilikuwa kuhakiki majina ya kisayansi ya mimea: nani alichapisha kila jina kwanza, wapi, na kama kipo kielelezo cha asili, yaani mmea ule mmoja uliokaushwa ambao jina limefungwa kwake. Nilipohamishiwa Houston, chini ya Mkuu wa Kitengo, nilikuwa hodari hata nikaanza kuringa.

Ndipo akapiga simu Nekesa, nesi Mkenya wa Arlington.

"Mzee, mama ameletewa dawa ya majani. Kwa pakiti wameandika Moringa oleifera. Nataka tu ku-confirm hilo jina ni la ukweli."

"Ni la kweli. Ndio mlonge wetu."

"Asante sana. Wacha niingie shift."

Nikafungua daftari la maulizo. Nilipofika safu ya "Kielelezo kilichoonwa", nikaiweka kalamu chini. Sikuwa nimeona hata jani moja. Mimi nilihakiki jina. Yeye alisikia kwamba dawa ni salama.

Nikapiga. Hakupokea. Nikapiga tena na tena. Mkuu wa Kitengo alisema tu, "Endelea kupiga." Hakunikemea, na hilo lilinitisha zaidi. Nilikuwa namwona yule mama nisiyemjua ameshika kikombe.

Saa tisa alasiri Nekesa akapokea.

"Mama ameshakunywa?"

"Bado, ananingoja nitoke job tukunywe pamoja. Kwani ni nini?"

"Msiguse! Mwambie sasa hivi, halafu nitumie picha."

Picha ilipofika niliona majani yaliyovunjika, na katikati yake kipande cha tunda la mviringo lenye miiba. Tunda la mlonge ni refu, halina miiba. Mmea huu ulikuwa mnanaha, sumu inayorusha watu akili na hata kuua. Nikamwambia Nekesa aitupe pakiti yote.

Sasa nimestaafu, naishi Arlington, jirani nao. Juzi mama yake Nekesa aliniletea sukuma wiki ya bustanini kwake. Nilimshukuru kwa moyo wote. Alipoondoka nikaitandaza mezani, nikavaa miwani, nikaikagua jani kwa jani.